Filta ya koni au boksi la kiwandani? Jibu kwa mwenye gari dogo la kila siku

"Habari za kazi, fundi. Nina gari dogo la petroli, injini ya 1500cc, gia otomatiki, nalitumia kila siku kwenda kazini na kurudi. Sehemu kubwa ya safari ni lami na foleni, ila kilomita chache za mwisho ni barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha kuna mahali maji hutuama. Rafiki yangu mwenye gari kama langu ametoa boksi la filta ya hewa akafunga filta ya koni. Anasema gari limekuwa jepesi na linakula mafuta kidogo, na kweli mngurumo wake umebadilika. Muuzaji amenionyesha aina mbili: ya bomba fupi inayokaa juu ya injini, na ya bomba refu inayoshuka hadi nyuma ya bampa. Anasema zote ni za kuosha tu, sitanunua filta tena. Fundi wangu naye ananiambia nikifunga kitu hicho nitaua injini. Mimi nataka gari lipande mlima vizuri na lipunguze mafuta. Nichague ipi?"

Ndugu yangu, umeeleza mazingira ya gari lako vizuri, na hilo ndilo linaloamua jibu. Vumbi, maji yanayotuama, foleni, gari linalotakiwa kuwaka kila asubuhi: kwa hali hiyo, mimi nisingefunga hata moja kati ya hizo mbili. Ningebaki na boksi la kiwandani na kutia ndani yake filta mpya iliyo bora. Kama moyoni unachokitamani ni ule mngurumo, ipo njia ya tatu nitakayokueleza, maana kupenda sauti ya gari si kosa. Lakini kwanza tuyatenganishe mambo matatu ambayo muuzaji ameyafunga pamoja: mafuta, nguvu na afya ya injini.

Tuanze na mafuta, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea. Inadhaniwa kwamba boksi la kiwandani linaibana injini pumzi, hivyo likitolewa injini itapumua, na ikipumua itakula kidogo. Kwenye injini ya petroli, anayeibana pumzi ni wewe mwenyewe kwa mguu wako. Kati ya filta na silinda kuna kilango cha duara kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Ukienda mwendo wa kawaida kwenye lami, kilango hicho kimefunguka kidogo tu. Nje, kwenye usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101 (kilopaskali ni kipimo cha mgandamizo); ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, nyuma ya kilango, mara nyingi utakuta kati ya 35 na 60. Filta safi kwa mwendo huo hata kilopaskali moja haiondoi. Kuifungua filta wakati kilango kimebanwa hivyo ni sawa na kupanua lango la ua huku mlango wa nyumba umerudishwa ukaachwa upenyo wa kiganja.

Kisha kuna kompyuta ya injini. Petroli huungua sawasawa kwa takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta, na kompyuta hulinda uwiano huo kwa kusoma sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi. Ili gari lako lidumishe kilomita 80 kwa saa linahitaji nguvu ileile iwe umefunga koni au boksi. Nguvu ileile inataka hewa ileile, na hewa hiyo inapewa mafuta yaleyale. Hewa ikipita kwa urahisi zaidi, wewe utakanyaga kidogo pungufu bila kujua, basi. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilipima magari ya sindano za mafuta yaliyowekewa filta zilizoziba makusudi, na ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa kuongeza mwendo mafuta yakikanyagwa hadi mwisho. Kama filta iliyoziba haikuongeza ulaji, filta iliyo wazi kuliko ya kiwandani haina ulaji wa kupunguza. Maneno ya "filta chafu inakula mafuta" yalikuwa kweli enzi za kabureta, ambapo filta ikiziba mchanganyiko ulizidi mafuta, na yameendelea kusemwa ingawa magari yamebadilika.

Nguvu ni habari tofauti kidogo, na hapo sitakuambia kwamba koni haina kazi kabisa. Injini yako ya lita 1.5, ikizunguka mara 6000 kwa dakika, ingeweza kumeza hadi lita 4500 za hewa kwa dakika, kwa sababu kila silinda inavuta mara moja katika mizunguko miwili. Kwa uhalisia ni pungufu ya hapo, lakini bado ni hewa nyingi, na kwa kasi hiyo boksi na bomba lake huanza kuleta upinzani. Swali ni upinzani kiasi gani, na hilo unaweza kulipima wewe mwenyewe kabla ya kutoa hata senti.

Chukua kile kidude kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha namba kwenye simu. Kama gari lako lina sensa ya mgandamizo wa manifoldi, washa ufunguo bila kuwasha injini na usome namba: tuseme ni 98. Hiyo ndiyo hewa ya mahali ulipo. Kisha nenda barabara iliyo wazi na salama, na mwenzako akae pembeni asome yeye, si wewe unayeendesha. Kanyaga mafuta hadi mwisho na umruhusu aone namba pale injini inapokaribia kasi ya juu. Tuseme anasoma 95. Tofauti ya 3 ni hasara yote ya njia nzima: mdomo wa bomba, boksi, filta, na kilango chenyewe. Hata ungeondoa kila kitu ikabaki hewa tupu, huwezi kupata zaidi ya hiyo asilimia tatu, na koni haiondoi kila kitu. Kwenye gari la nguvu za farasi 100 tunazungumzia farasi wawili hivi, tena kwenye kasi ambayo wewe, kwenye foleni na otomatiki yako, unaigusa mara chache sana. Lakini tofauti ikitoka kubwa, tuseme 8 au 10, basi filta yako imeziba au kuna kitu kimeingia kwenye bomba. Nimeshawahi kutoa kiota cha panya kwenye mdomo wa bomba la gari ambalo mwenyewe alikuwa tayari kununua koni kwa sababu "halivuti".

Mlima nao haupandwi kwa 6000. Otomatiki ndogo hupanda mara nyingi kati ya mizunguko 2500 na 4000, na hapo ndipo waliotengeneza gari walipoweka akili zao. Urefu wa bomba na vile vichemba vya plastiki vinavyoning'inia kama havina maana vimepimwa ili mawimbi ya hewa yasaidie injini katika kasi za kawaida na kelele ipungue. Ukivitoa, unaweza kupata kidogo juu na kupoteza kidogo chini, yaani kupoteza palepale unapohitaji.

Sasa aina ya bomba fupi. Tatizo lake kubwa ni joto. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10, uzito wake katika ujazo uleule hupungua kwa takriban asilimia 3. Mdomo wa boksi la kiwandani kwa kawaida huvuta hewa kutoka mbele ya gari au pembeni mwa taa, nje ya joto la injini. Koni fupi iliyo wazi inavuta hewa ya chini ya boneti, ambayo ukikaa kwenye foleni, feni ya rejeta ikisukuma joto nyuma, hufika nyuzi 60 bila shida. Kama nje ni nyuzi 30, umeikosesha injini karibu asilimia 9 ya hewa pale unapoanza kuondoka. Juu ya hapo, kompyuta ikiona hewa ya moto huchelewesha cheche za plagi ili injini isigonge, yaani mchanganyiko usilipuke ovyo ndani ya silinda, na nguvu inapungua tena. Ukishika mwendo joto hushuka na hali hurudi karibu na kawaida, lakini wewe umesema safari zako ni za foleni. Wauzaji hubishana sana kuhusu bomba la alumini na bomba la plastiki. Hewa hupita humo haraka mno kiasi kwamba malighafi haina uzito wa kukukosesha usingizi. Kinachohesabika ni mahali filta inapovuta.

Aina ya bomba refu inatatua joto na inaleta maji. Mdomo wake uko chini, nyuma ya bampa, na wewe unapita mahali maji hutuama. Piga hesabu hii: silinda moja ya injini yako ina ujazo wa sentimita za ujazo 375. Ikiwa inabana kwa uwiano wa kumi kwa moja, pistoni ikifika juu nafasi inayobaki ni kama mililita 42, sawa na vijiko vitatu vya chakula pungufu kidogo. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Maji yakizidi nafasi hiyo, pistoni inagonga ukuta usiosogea, konrodi, ule mkono unaoishika pistoni, inapinda, na injini inazima kwa mshindo mmoja. Boksi la kiwandani huweka mdomo juu na mara nyingi lina tundu dogo la kutoa maji chini. Kuna vali za dharura zinazofungwa kwenye bomba refu ili zivute hewa juu endapo mdomo wa chini utazama, na zinasaidia, ila sitaki uitegemee vali ya mpira kwa injini unayoihitaji kesho asubuhi.

Vumbi ndilo jambo ambalo ningekuomba ulisome mara mbili. Sehemu kubwa ya vumbi la barabara ni mchanga laini wa silika, na silika ni ngumu kuliko chuma cha silinda zako. Chembe zinazoumiza zaidi ni ndogo usizoziona, zile zenye unene wa kuingia kati ya ringi ya pistoni na ukuta wa silinda zikisaga pande zote mbili. Filta nzuri ya karatasi hukamata zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio kwa kipimo cha ISO 5011, kiwango cha kimataifa cha kupimia filta za hewa. Ukiona filta moja imeandikwa asilimia 99 na nyingine 97, usidhani zinalingana: ya kwanza inaachia sehemu moja katika mia, ya pili inaachia tatu. Injini inapokea vumbi mara tatu. Kwa hiyo unaponunua, uliza matokeo ya kipimo hicho. Mtengenezaji anayejigamba kuhusu wingi wa hewa tu na kunyamaza kuhusu vumbi amekuambia alichokiweka mbele.

Na filta nyingi huvujisha pembeni kuliko katikati. Kibano kilichokazwa vibaya, mpira uliojikunja, koni isiyokaa sawa shingoni mwa bomba, vyote vinapitisha hewa isiyochujwa hata kama filta yenyewe ni ya daraja la juu. Jipime hivi: toa bomba upande wa injini, baada ya filta, ingiza kitambaa cheupe kikavu na ufute ukuta wa ndani. Weusi mwepesi wa oili ni kawaida, unatokana na mvuke wa injini. Ukitoka unga wa rangi ya udongo, vumbi linapita. Mwambie na rafiki yako afanye hivyo wiki hii; ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu kuosha: koni nyingi za pamba zinahitaji oili maalumu ili zikamate vumbi. Zikioshwa zikarudishwa kavu, zinapitisha. Zikilowekwa kupita kiasi, oili inavutwa hadi kwenye sensa ya hewa. Pia zinahitaji kukauka kwa saa kadhaa bila kupashwa moto, na gari la kila siku halina saa hizo kirahisi. Zipo koni kavu za nyuzi za kutengenezwa, na kwa anayetaka koni ningempeleka huko.

Sensa hiyo ya hewa inastahili maelezo. Magari mengi yana waya mwembamba unaopashwa moto ndani ya bomba. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inakadiria uzito wa hewa kwa umeme unaotumika kuurudishia joto. Hesabu yote imejengwa juu ya upana wa bomba la kiwandani. Chukua bomba la milimita 60 ulibadilishe kwa la 70: eneo limeongezeka kwa asilimia 36, hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi mbele ya waya, na kompyuta inaamini hewa imepungua kwa zaidi ya robo. Inapunguza mafuta. Ukienda polepole sensa ya oksijeni inarekebisha kosa, lakini marekebisho yana kikomo. Yakifika mwisho taa ya injini inawaka na msimbo P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta hutegemea zaidi hesabu ya ile sensa iliyodanganywa, na hapo injini inaweza kupata joto kupita kiasi na kugonga. Hata bila upana kubadilika, sensa ikiwekwa mara tu baada ya kona ya bomba inasoma hewa iliyovurugika. Kama gari lako halina sensa ya waya na linategemea mgandamizo wa manifoldi, hili halikuhusu sana. Angalia bomba baada ya boksi: kisensa chenye waya mbili kwa kawaida hupima joto tu, chenye waya zaidi ndicho cha kuchunga.

Rafiki yako, basi, anadanganya? Hapana. Mngurumo wa hewa unapoingia masikioni mtu huhisi gari limeruka, na mara nyingi filta aliyoitoa ilikuwa imeziba, kwa hiyo ahueni aliyoipata ni ya kweli. Angeipata pia kwa filta mpya ya boksi. Na fundi wako? Ametia chumvi kidogo, lakini kwa barabara yako ya vumbi na maji yuko karibu na ukweli kuliko muuzaji.

Kwa hiyo nunua filta ya bapa ya saizi kamili ya boksi lako, ya mtengenezaji anayeaminika, iwe karatasi au nyuzi kavu. Kabla ya kufunga, futa ndani ya boksi kwa kitambaa chenye unyevu, hakikisha ukingo wa mpira wa filta unakaa kwenye mfereji wake mzunguko mzima, na vibano vyote vinafunga bila kulazimishwa. Usiipulize filta ya karatasi kwa kompresa kila wiki kama wengi wanavyofanya. Upepo mkali unapasua nyuzi usizoziona, na filta yenye vumbi kidogo juu hukamata chembe ndogo vizuri zaidi kuliko mpya. Ibadilishe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kwa sababu ya vumbi lako, mapema kuliko hapo.

Kama unataka sauti, njia ya tatu ni seti ya koni iliyofungiwa ndani ya boksi lake lenye mfuniko, inayovuta kutoka mdomo uleule wa kiwandani. Iwe imetengenezwa kwa injini yako hasa, si ile ya "inaingia magari yote". Kiti cha sensa kiwe na upana uleule wa awali, na pawe na mahali pa kuunganisha mpira wa mvuke wa injini. Ule mpira usiachwe wazi wala kuzibwa kwa bolti. Tunza boksi la zamani na skrubu zake zote. Uliza pia kama ukaguzi wa magari au bima unapoishi vinaruhusu mabadiliko hayo, na kama gari bado lina dhamana, soma masharti yake kwanza.

Na ule mlima? Pesa ya koni itafanya kazi zaidi kwingine. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa baridi. Gurudumu linyanyuliwe na lizungushwe kwa mkono: likigoma, breki inashika, na hiyo inakula mafuta kuliko filta yoyote. Plagi zilizopitiliza, kilango cha hewa chenye uchafu mweusi, oili ya gia iliyochoka, ndivyo ninavyovikuta kwenye magari yanayolalamikiwa kuwa mazito.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza, na unahitaji fundi aliweke gari mbele yake. Kama uzito wa mlimani umekuja ghafla, kama taa ya injini imewaka, kama gari linatoa moshi wa bluu au oili inapungua kati ya sevisi, au kama linakosa nguvu zaidi kadiri kasi inavyopanda, apime kompresheni, mgandamizo wa mafuta na kama ekzosi imeziba kabla hujanunua chochote. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo unapopanda, acha kukanyaga kwa nguvu hadi ichunguzwe. Na ikitokea gari limezima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha tena hata mara moja. Lisukumwe nje, livutwe hadi gereji, plagi zitolewe, na injini izungushwe kwa mkono kwanza ili maji yatoke.

Ukishapata namba za kile kipimo cha manifoldi, niandikie pamoja na aina ya injini na kilomita ilizotembea, nami nitakuambia zinasema nini.